Kumtafuta Jagwa Pantanal: Mwongozo kwa Anayekwenda Mara ya Kwanza

Tangu nirudi kutoka Brazili, haupiti mwezi bila kuulizwa maswali yale yale. Niende mwezi gani? Nikae siku ngapi? Jagwa, yule paka mkubwa mwenye madoa wa Amerika, anaonekana kweli, au zile picha ni za watu wenye bahati? Wengi wanaouliza wamezoea Serengeti, Mikumi au Maasai Mara. Wengine ni ndugu zetu walioko Ghuba, Ulaya na Marekani. Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa kufuata mpangilio wa safari yenyewe.

Ila kuna jambo moja ulishike kwanza. Sisi tumelelewa na wingi wa wanyama: nyumbu kwa maelfu, tembo na watoto wao, simba amelala kando ya barabara saa nne asubuhi. Amerika ya Kusini haiko hivyo. Mamalia wake wengi hutoka usiku, hutembea mmoja mmoja, na hupenda kujificha. Anayekwenda kule kwa kuruka hifadhi hadi hifadhi hurudi na picha nyingi za ndege na mamba. Anayechagua mahali pamoja na kulala hapo siku za kutosha ndiye anayewaona. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na hilo.

Kwa nini Pantanal na si Amazoni? Wanyama wengi ni wale wale, lakini msituni majani yanawaficha. Pantanal ni bonde kubwa la mafuriko linalogawanywa na Brazili, Bolivia na Paraguai, na sehemu kubwa iko Brazili. Kuna nyasi, madimbwi, mito na vichaka vya miti, kwa hiyo jicho linafika mbali. Kwa safari ya kwanza sioni sababu ya kwenda kwingine.

Andaa haya kabla ya kulipa chochote

- Pasipoti yenye muda wa kutosha, na viza. Brazili ina ubalozi Dar es Salaam na Nairobi. Waulize wao masharti ya sasa, usitegemee alivyosikia rafiki yako mwaka juzi.
- Kitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuondoka. Utakihitaji hata wakati wa kurudi, maana Brazili ni nchi yenye homa hiyo na maofisa wa kwetu hukiulizia.
- Darubini yako mwenyewe, 8x42 au 10x42. Usipange kuazimana na mwenzako. Mnyama akijitokeza kwa sekunde kumi, kila mtu anataka kuona.
- Tochi ya kichwani, bora yenye mwanga mwekundu.
- Nguo za mikono mirefu za rangi ya majani au udongo, kofia, na koti la kuzuia upepo. Ndiyo, koti. Nitaeleza hapo mbele.
- Dawa ya kufukuza mbu ya kupaka mwilini. Mbung'o hawako kule, kwa hiyo ule woga wetu wa nguo za bluu na nyeusi uuache nyumbani, lakini mbu wapo na dengi ipo.
- Adapta ya umeme. Plagi za Brazili zina pini tatu nyembamba za mviringo, na chaja yenye pini zetu nene za mraba haiingii.
- Bima ya safari inayogharamia kusafirishwa ukiugua mbali na mji.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mwezi kabla ya kuchagua kampuni. Mvua kubwa hunyesha kuanzia Novemba hadi Machi. Maji hupanda, barabara huharibika, na wanyama husambaa. Kuanzia Juni maji hushuka, na jagwa huanza kuja kingo za mito kuwafuata kapibara, wanyama wakubwa wa jamii ya panya, na mamba wadogo waitwao jacaré. Miezi ya kumwona ni Julai hadi Oktoba. Mimi ningechagua Agosti. Septemba ni nzuri pia, lakini joto la mchana linaweza kufika nyuzi 40, na mwishoni mwa kiangazi moto wa nyika huwa tishio la kweli. Mwaka 2020 zaidi ya robo ya Pantanal iliungua, na 2024 moto ulirudi kwa nguvu.

Sasa lile koti. Kati ya Juni na Agosti hupita pepo baridi kutoka kusini ambazo wenyeji huziita *friagem*. Leo nyuzi 34, kesho asubuhi nyuzi 10, nawe umekaa kwenye boti ya wazi inayokimbia. Wageni hawaamini mpaka wanapotetemeka.

2. Punguza mahali, ongeza siku. Hapa ndipo wengi wanapopotea, na mimi nilipotea hapa. Safari yangu ya kwanza niliwekewa na wakala sehemu nne ndani ya siku kumi. Kila nilipoanza kuielewa sehemu, kesho yake tulikuwa uwanja wa ndege. Sikumwona tapiri hata mmoja (huyu nitamweleza hatua ya 6), na jagwa nilimwona mgongo tu akiingia kichakani. Safari ya pili nilikaa eneo moja usiku tisa, na hiyo ndiyo ninayoikumbuka.

Mpango ninaoupendekeza: siku moja ya kufika Cuiabá, usiku mbili au tatu kwenye nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara ya Transpantaneira, usiku nne Porto Jofre, kisha usiku mbili tena barabarani wakati wa kurudi. Mahali hapa pote nimepaeleza hatua ya 4. Ukiwa na siku za ziada, ongeza sehemu moja tu. Nimezitaja mbili kwenye hatua ya 8.

3. Chuja kampuni kwa maswali, si kwa picha. Picha za jagwa kila kampuni inazo. Waandikie uwaulize haya, na majibu yawe ya maandishi:

- Mwongozaji amesajiliwa Cadastur, yaani daftari la Wizara ya Utalii ya Brazili?
- Anazungumza lugha gani ninayoielewa? Manahodha wengi wa boti wanajua Kireno tu.
- Kwenye boti tutakuwa watu wangapi? Wanne ni raha. Wakizidi sita, mmoja atakuzibia kila wakati.
- Saa ngapi za boti kwa siku, na mafuta yamo kwenye bei?
- Kuna matembezi ya gari usiku kwa kurunzi? Mara ngapi?
- Mnaweka chambo?

Swali la mwisho lina uzito kwangu. Kuwawekea jagwa nyama, wenyewe huita *ceva*, kunamfundisha mnyama kwamba chakula hutoka kwa binadamu. Atakayeumia ni mvuvi au mchunga ng'ombe, na baadaye jagwa mwenyewe. Kampuni ikikwepa swali hilo, achana nayo. Zipo nyumba za wageni zinazoning'iniza vipande vya nyama mtini ili oseloti, paka-mwitu mdogo mwenye madoa, ajitokeze mbele ya wageni. Ni halali machoni pa wengi, lakini mimi sipendi, na nilimwona wangu barabarani bila nyama.

Agiza mapema. Vyumba vya Porto Jofre ni vichache na Agosti hujaa miezi mingi kabla.

4. Panga njia ya kufika. Kutoka Afrika Mashariki njia iliyonyooka ni kupitia Addis Ababa hadi São Paulo. Walioko Ghuba wana ndege za Doha na Dubai. Kutoka São Paulo unachukua ndege ya ndani hadi Cuiabá, mji mkuu wa jimbo la Mato Grosso. Usiunganishe ndege hizo mbili kwa muda mfupi. Uhamiaji na mizigo São Paulo hula saa nyingi, na kama tiketi ni mbili tofauti, ndege ya pili haitakungoja.

Toka Cuiabá ni kilomita 100 hivi hadi mji wa Poconé, lami inapoishia. Hapo ndipo Transpantaneira inapoanza: kilomita 145 hivi za barabara ya vumbi iliyoinuliwa juu ya kinamasi, yenye madaraja zaidi ya 100, hadi inapokatika ukingoni mwa mto Cuiabá, mahali paitwapo Porto Jofre. Usiihesabu barabara hiyo kuwa njia ya kupita. Ni hifadhi yenyewe. Mwambie dereva mapema kwamba unataka kuipita polepole, ikiwezekana jioni ikamkute bado yuko njiani.

5. Rekebisha saa yako, mbili kwa pamoja. Mato Grosso iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 7. Hiyo ni ya kwanza. Ya pili ni sisi wenyewe: Wabrazili huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Mwongozaji akikuambia *cinco e meia*, yaani tano na nusu, anamaanisha saa 11 na nusu alfajiri. Nimeona mtu akiachwa na boti kwa sababu hiyo. Hakikisheni mnaelewana kila jioni.

6. Anza na barabara na usiku, kabla ya jagwa. Usiku wa kwanza Transpantaneira ni wa kuyazoesha macho. Mtatoka na gari la wazi baada ya chakula, mmoja akizungusha kurunzi. Tafuta macho yanayong'aa, si umbo la mnyama. Usipige kelele ukiyaona. Sema kwa sauti ya chini yako upande gani wa gari, na dereva azime injini.

Utakaokutana nao hapa:

*Tapiri*, kwa wenyeji *anta*. Ni mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu katika bara hilo, kilo 200 na zaidi, mwenye pua inayoning'inia kama mkonga mfupi. Ndugu zake wa karibu ni kifaru na farasi. Ukitaka kujua kama anapita, angalia tope: mguu wa mbele una vidole vinne, wa nyuma vitatu. Hupenda kutoka jioni jua likishazama, kwa hiyo mkimkosa usiku wa manane msikate tamaa, kesho mkawahi madimbwini mapema.

*Mla-sisimizi mkubwa.* Huyu ndiye niliyemwendea mimi. Wareno walimwita *tamanduá-bandeira*, na neno *bandeira* ndilo lililotupa sisi bendera. Ukimwona anatembea uwandani huku mkia wake wa manyoya marefu unapeperuka, huhitaji kuelezwa jina. Hana jino hata moja. Ulimi wake hufika sentimita 60, na hula sisimizi na mchwa kwa maelfu kila siku. Joto la mwili wake ni dogo, nyuzi 33 hivi, na hapo pana siri ya kumpata: siku za joto kali hulala mchana na kutoka usiku, siku za *friagem* hutoka mchana kweupe. Baridi ikiingia, omba mzunguko wa gari saa tisa alasiri. Haoni vizuri, lakini ananusa sana, basi simama upande ambao upepo hautoki kwako kwenda kwake. Usimkaribie kwa miguu. Kucha zake za mbele zinapasua kichuguu kigumu, na zimewahi kuua watu.

Wengine watakuja wenyewe: mbweha wala-kaa, koati wenye pua ndefu, pekari wanaofanana na nguruwe-mwitu wadogo, na armadilo, ambaye magamba yake yatakukumbusha kakakuona ingawa hawana undugu. Alfajiri utasikia mngurumo mzito kutoka mitini. Si jagwa. Ni kima waitwao *bugio*.

7. Nenda mtoni, na ukae mtoni. Porto Jofre hakuna safari ya gari. Boti za alumini huondoka saa 12 asubuhi, hurudi kwa chakula cha mchana, na hutoka tena alasiri mpaka jua lizame. Mtazunguka mito na mikono ya mito ya hifadhi ya jimbo iitwayo Encontro das Águas, maana yake makutano ya maji.

Kazi yako ni kuangalia ukingo. Usitazame kichaka kizima. Tazama mstari ambapo mchanga unakutana na majani, na vivuli chini ya miti iliyoinama. Angalia kapibara pia. Wakiwa wamelala hawana habari, jagwa hayupo karibu. Wakisimama wote wakaangalia upande mmoja na mmoja akatoa mlio mkali kama mbwa anayebweka, mwambie nahodha apunguze mwendo.

Jagwa si chui, ingawa kwa mbali utaapa ni yeye. Madoa yake makubwa ya mviringo yana vidoa vidogo ndani, ya chui wetu hayana. Kichwa ni kikubwa, miguu mifupi, mwili mzito. Dume la Pantanal hupita kilo 100, wakati chui dume wa kwetu akiwa mkubwa ni kilo 60 hivi. Anaogelea kama amezaliwa majini, na humng'ata mamba kisogoni. Waongozaji wanawatambua mmoja mmoja kwa madoa yao, na wamewapa majina.

Kwa msimu mzuri, siku tatu au nne kamili mtoni kwa kawaida hutosha kumwona, pengine zaidi ya mmoja. Atakayekuahidi kwa hakika usimpe pesa zako.

Adabu za botini:

- Kaa. Ukisimama boti inayumba, na wa nyuma haoni.
- Jagwa akivuka mto, boti isimkatie njia.
- Nongʼona. Sauti ya binadamu husafiri mbali juu ya maji.
- Kizima-sauti cha simu kiwe kimewashwa tangu asubuhi.

Usimsahau fisi-maji mkubwa, *ariranha*. Anafika urefu wa mita 1.7, anaishi na familia, na kila mmoja ana baka jeupe kooni ambalo halifanani na la mwingine. Utawasikia kabla ya kuwaona: ni kelele, milio na ugomvi wa samaki. Nilikaa nao saa nzima wakila na kugombana, na ndani ya saa hiyo boti tano zilipita mbio kumfuata jagwa bila kusimama.

8. Kama una siku za ziada. Onçafari, shirika lililoanzishwa 2011, linafanya kazi upande wa kusini wa Pantanal, karibu na Miranda, na limewazoesha jagwa magari kwa subira ya miaka, bila chambo. Kule unamwona kwenye gari, katika nyika, kama unavyomwona simba. Sehemu ya pili iko mbali na Pantanal kabisa: Caraça, nyumba ya zamani ya mapadri milimani katika jimbo la Minas Gerais. Tangu 1982 mapadri huweka chakula ngazini mwa kanisa, na usiku hupanda *lobo-guará*, mnyama wa jamii ya mbwa mwenye miguu mirefu mno na manyoya mekundu. Najua nimesema sipendi chambo. Pale nilikaa na shaka yangu mpaka saa nne usiku, alipokuja, na bado sijaamua. Nenda ukaamue mwenyewe.

9. Lipa palipo sahihi. Mpe bakshishi mwongozaji na nahodha, kila mmoja mkononi mwake. Nahodha ndiye mwenye macho. Wafugaji wa kule walimuua jagwa kwa miaka mingi kwa sababu ya ng'ombe wao. Utafiti uliochapishwa 2017 ulikadiria kwamba utalii wa jagwa eneo la Porto Jofre uliingiza karibu dola milioni 6.8 kwa mwaka, huku hasara ya ng'ombe wanaoliwa ikiwa kama dola 121,500. Fedha ikiishia São Paulo, mfugaji hana sababu ya kuweka bunduki chini. Nunua chakula, malazi na kazi za mikono Poconé na njiani.

Mambo yakienda kombo

*Siku ya tatu hujamwona jagwa.* Omba kubadilisha saa, si mto. Muondoke dakika ishirini mapema, na mchana msirudi: bebeni chakula mle kivulini. Jagwa wengi huja kunywa na kulala ukingoni wakati wa joto, boti nyingi zikiwa zimerudi hotelini.

*Boti kumi na tano zimemzunguka mnyama mmoja.* Hutokea, maana nahodha huitana kwa redio. Piga picha zako chache, kisha mwombe nahodha aondoke. Mara mbili nimefanya hivyo na mara zote mbili tukapata wanyama wengine peke yetu kwenye mkono wa mto ulioachwa.

*Mwongozaji anakimbilia jagwa tu.* Anadhani ndicho unachotaka. Mwandikie orodha ya wanyama watano, kwa majina ya Kireno, siku ya kwanza: *onça* (jagwa), *anta*, *ariranha*, *tamanduá-bandeira*, *jaguatirica* (oseloti). Mwambie wa kwanza kwako ni nani.

*Moshi umetanda.* Piga simu kampuni kabla ya kuondoka Cuiabá. Kama barabara imefungwa, upande wa kusini kupitia mji wa Campo Grande unaweza kuwa salama, na kinyume chake. Mkataba wako uwe na kifungu cha kuhamisha tarehe.

*Lenzi ya kamera imeingia ukungu.* Umetoka chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye unyevu. Acha mfuko wa kamera barazani nusu saa kabla ya kutoka.

*Umepata kupe.* Kiangazi kupe ni wengi, hasa wanapolala kapibara. Chomekea suruali ndani ya soksi, na jikague mwili mzima kila jioni. Mtoe kupe kwa koleo ndogo, ukimshika karibu na ngozi na kumvuta taratibu bila kumsokota. Ukipata homa ndani ya wiki mbili, hata ukiwa umesharudi nyumbani, usijitibu malaria kwa mazoea. Nenda hospitali, na jambo la kwanza mwambie daktari ulikuwa Brazili na uliumwa na kupe.